Mrejesho: kushikwa mkono na usiowajua, Kabwe na Mwanjelwa

Wakuu, niliuliza mwanamke afanyeje akishikwa mkono kwa nguvu na wanaume asiowajua pale Kabwe na Mwanjelwa, jijini Mbeya. Asanteni sana. Nimeyafanyia kazi majibu yenu, na haya ndiyo yanayofaa.

Usiuvute mkono moja kwa moja nyuma, maana hapo unashindana na vidole vinne. Udhaifu wa mshiko wake uko pale dole gumba linapokutana na ncha za vidole. Geuza mkono wako, upande wa dole gumba lako uelekee kwenye mwanya huo, piga hatua moja kumsogelea, kunja kiwiko, kisha chomoa kwa ghafla kuelekea begani kwako. Hatua ile ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mwenye nguvu hakuachii. Akikamata kwa mikono miwili, kunja ngumi, ishike kwa mkono wako wa pili, vuta juu. Baridi ya Juni na Julai wengi hukamata koti. Usifunge zipu, ulivue ukimbie.

Sauti itangulie: "Niache, sikujui!" Hilo "sikujui" ni la lazima, la sivyo wapita njia hudhani ni ugomvi wa wapenzi. Kimbilia dukani au kwa mama lishe, kamwe si uchochoroni. Kisu nakikataa kabisa, hunyang'anywa kikakugeukia.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 138D, inagusa hata maneno ya udhalilishaji wa kijinsia. Kifungo hadi miaka 5. Ripoti Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na ukiumia omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kujihami kunaruhusiwa kwa nguvu inayolingana na shambulio. Akishakuachia, usiendelee kumpiga.