Nodi kutojibu si kufa!! Nimetumwa Githurai saa nane usiku bure

Wadau, leo niko na hasira na ntaandika tu vile inakuja.

Tuko na kamradi kadogo ka kusambaza video za masomo kwa mahosteli, Zimmerman, Githurai, Kayole. Hakuna seva ya kati, mashine zenyewe ndio zinapeana vipande vya faili, mmoja akishusha jirani anachukua kwake badala ya kila mtu kuchoma bando zake. Hizo mashine ndio tunaita nodi, ziko kama 60 hivi, nyingi ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kushikwa na mkono), zimekaa juu ya kabati zinakula vumbi, na zinafanya kazi.

Shida imeingia siku mdosi alileta watu wa "kufuatilia mtandao". Wakaweka Prometheus (programu ya kukusanya namba za hali ya mashine) na skrini kubwa kwa ukuta, kijani na nyekundu, mdosi anaipenda kushinda watoto wake. Sina ubaya na Prometheus, ilianzia SoundCloud 2012 na kwa seva zako mwenyewe ni moto. Lakini hiyo kitu inazunguka ikibisha kwa kila mashine, "nipe namba zako". Sasa wiki jana mwenye hosteli ya Githurai akatoa faiba akaweka laini ya simu, na kwa laini ya simu anwani moja ya nje mnagawana na watu sijui wangapi, ukiangalia kwa ruta unaona 100.64 kitu kitu, anwani ya ndani ya kampuni ya simu, mtu wa nje hawezi kuifikia. Utabisha mlango gani na mlango hauko? Basi up, kile kipimo cha Prometheus cha kusema kama imefikia mashine, ikasoma 0, ukuta ukawa nyekundu, simu yangu ikalia saa nane usiku.

Nikachukua boda. Soja akanimulika na tochi kama mwizi wa ruta. Kuingia ndani napata taa ya kijani inametameta, na chali mmoja na boksa anashusha video ya kemia kutoka kwa hiyo hiyo nodi "imekufa"!! Hiyo 0 inamaanisha MIMI SIJAKUFIKIA, basi. Na mdosi amenikata fare eti sikurekebisha kitu. Ningerekebisha nini jameni?

Nikawaambia hao mafundi waache nodi zitume namba zenyewe, zikitoka ndani kwenda nje zinapita vizuri, hata kila dakika 5 inatosha. Wakasema ntavuruga mfumo. Mfumo gani, wakati wamefanya kila nodi irekodi kila nodi inayoongea nayo kama lebo, na kila lebo mpya ni mstari mpya wa data wa kuhifadhi? 60 mara 60 ni jozi 3,600, mara vipimo 12 ni mistari 43,200, halafu Pi zetu zikizima na kuwaka zinajipa ID mpya (hiyo ni makosa yetu, nakubali) so token za stima zikiisha Kayole mara tatu kwa wiki hesabu inafura tu. Jumamosi seva ya ofisi, ile ya hiyo Prometheus, ikaishiwa memori ikaanguka. Nani alilaumiwa? Ehe.

Na ile ya kufuata ombi kutoka nodi moja hadi nyingine ndio kichekesho. Ombi linafaa kubeba kitambulisho kimoja njia yote, cha herufi 32, wao wakakitupa kwa nodi ya kwanza, so safari ya nodi nne unaiona kama safari nne za watu hawajuani. Nikairekebisha mimi mwenyewe Jumapili, kumbe Pi 4 haina betri ya saa, stima ikirudi inaamka na saa ya jana mpaka ipate ya mtandao. Kwa skrini Kayole imejibu swali kabla Zimmerman haijauliza. Mdosi akaniuliza kama hiyo ndio "spidi".

Alafu wanahifadhi anwani ya IP ya kila mwanafunzi na faili ameshusha, wakati tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Nikiuliza ni ya nini naambiwa "itasaidia baadaye".

Kesho saa tatu niko na kikao na hao watu. Mwenye amewahi fuatilia nodi ziko nyuma ya laini za simu aniambie alitumia nini, na kama kuna mtu alirudishiwa fare pia aniambie alisema aje.