Nimesahau shema (ile mistari ya kuchora na kidole ku ekra ju telefone ifunguke) ya Tecno yangu na madeni ya batu yote iko ndani, nifanye nini?

mama_sambaza_Goma
Bandugu na badada wa humu, munisaidie, tangu juzi silali. Niko Goma, minauzishaka samaki ya sambaza pale Kituku, na telefone yangu ni Tecno, nilinunua mupya mu butike. Siku ya kwanza ya juma hii jioni nikabadilisha shema ju mutoto wa dada yangu alishaizoea, kila siku anafungua anamaliza ma-mega yangu na bakatuni. Nikaweka ingine, nikajaribu mara mbili, ikafunguka, nikalala. Asubui saa 11 mitumbwi inaingia, miye na beseni mukono moja na telefone mukono ingine, napitisha kidole... kichwa tupu. Kidole inakumbuka mwanzo, inaanzaka juu kushoto, inashuka, inakata katikati, halafu hapo inapotea kama mutu wa kusahau njia ya kwao. Nikajaribu mpaka ikaniambia ngoja sekonde 30, nikajaribu tena, ikaongeza, sasa naiogopa hata kuigusa.

Chenye kinaniuma siyo telefone. Daftari ya madeni inalowaka maji ya samaki, kwa hiyo ukurasa ukijaa naupiga picha na kuutupa. Picha zote iko ndani. Na M-Pesa yangu pia iko ndani, kuko makuta ya kulipa bavuvi.

Kuko fundi moja wa Birere ameniambia ataifungua bila kitu kupotea, anaomba dola 15, 10 mbele. Nimupe ao nisimupe?

kijana_wa_Ndosho
Mama pole sana. Izime uiwashe, ya mukubwa wangu ilifunguka vile. Ikikataa pigia rezo (kampuni ya laini yako) bakupe PUK.

fundi_Kadutu
Kijana hapana, usimupotezee mama njia. PUK ni ya sim, siyo ya telefone. Ile inakuya wakati umekosea PIN ya sim mara tatu, ni namba 8, na ukikosea yenyewe mara 10 sim imekufa kabisa. Shema ya ekra ni kitu ingine, watu wa rezo hawaijui na hawawezi kuijua.

Mama, niko Bukavu, natengenezaka telefone ni mwaka wa 11 huu. Kwanza tulia kuhusu makuta. M-Pesa haiko mu telefone, iko ku namba yako. Toa sim leo hii, iweke mu kasimu kadogo ka tochi, piga ile namba ya M-Pesa ya nyota na diyezi (#), weka kode yako ya M-Pesa (hiyo hukuisahau natumaini!) na utalipa bavuvi wako. Pili angalia kama kuko kadi ya memwari pembeni ya sim. Kama picha zilikuwa zinaingia pale, na haikutengenezwa kuwa memwari ya ndani, iweke mu telefone ya mutu utaziona zote.

Tatu, huyu wa dola 15 usimupe kwanza. Nitakueleza ju ya nini, kuko kliya (muteja) mbele yangu.

mama_sambaza_Goma
Asante fundi, Mungu akubariki, nimetoa sim, M-Pesa imefunguka, nimelipa batu wawili. Kadi ya memwari iko lakini nimeangalia ni nyimbo za kanisa tu na video ya harusi ya shemeki.

fungua_haraka_243
Mama njoo inbox, tunafungua telefone ZOTE, Tecno, Itel, Infinix, Samsung, iPhone, dakika 10, picha na namba zote zinabaki. Makuta mbele kwa mobile money.

fundi_Kadutu
Nilijua utakuja wewe.

Mama sikiliza, na wengine basome. Zamani, mpaka Android 4.4, ukikosea shema ilikuwa inakupa mahali pa kubonyeza "nimesahau", unaingiza konti ya Google, unafungua, kitu haipotei. Hiyo iliisha. Na tangu Android 10, ya mwaka 2019, telefone yote yenye inatoka nayo lazima ifiche vitu vyake vyote kwa ufunguo, na ule ufunguo umefungwa pamoja na shema yako. Maana yake hata nikiifungua kwa tournevis nitoe memwari nje, nitakuta uchafu tu, hakuna picha. Shema siyo mulango wenye unaweza kupitia dirisha, shema njo inatengeneza ufunguo. Kwa hiyo mutu akikuambia ataifungua na picha zibaki, mu telefone ya miaka hii, muulize: utafanya namna gani? Wengi wao bachukua ile 10 ya mbele, bafomate telefone (ni kufuta vyote), kisha bakuambia "aa mama, picha zilikuwa zimeharibika". Miye mwenyewe wateja bananiletea telefone zenye zimeshapita pale.

Na ile ya kutafuta telefone kupitia Google, kwa kuwa mutu ataileta hapa: ile inaweza kuipigisha kelele, kuifunga, kuifuta. Haikupi shema, na haibadilishi shema yenye iko tayari.

Kuko kitu kimoja kizuri: kama una iPhone ya iOS 17 kupanda, ukibadilisha kode na ukaisahau ndani ya saa 72, unaweza kutumia ile ya zamani. Samsung za sasa pia ziko na kitu kama hicho. Nimekiweka hapa kwa wengine, ju mama ni wa Tecno.

Kabla ya yote jaribu hivi, usicheke. Usiku, lala vile ulilala ile siku, zima taa, shika telefone vile unaishikaka, usifikiri, acha kidole iende yenyewe. Mara moja ao mbili tu, kisha acha. Kwangu watu watatu bamefungua vile, shema inakaaka mu mukono kuliko mu kichwa.

mama_sambaza_Goma
Nimefanya fundi. Nimelala, nimezima taa, bwana yangu akauliza unafanya nini mu giza, nikamwambia fundi wa Bukavu njo amesema 😂 Haikukubali. Sasa inasema ningoje saa nzima. Basi nimekubali, tuifute. Nifanye namna gani?

yaya_Kamalondo
MAMA USIBONYEZE KITU KWANZA!!

Niko Lubumbashi, hii ilinipata mwaka jana. Nilifomate mwenyewe nikifurahi, ikawaka mupya kabisa, nikachagua lugha, nikaweka rezo, paap, inaomba konti ya Google yenye ilikuwa mu telefone mbele. Konti gani? Miye sijawahi kuwa na konti! Kumbe siku nilinunua, yule kijana wa butike alinitengenezea haraka haraka, akaweka mo de pasi (neno ya siri) ya kichwa chake, akanipa telefone, miye nikaondoka. Nilirudi kule nikakuta sasa wanauzisha simenti. Telefone ilikaa miezi miwili mu kabati kama sahani. Swali langu moja tu: Gmail yako unaijua?

mama_sambaza_Goma
Yaya umenitisha. Gmail niliiona mara moja. Na miye pia ni kijana wa butike njo alinifungulia. Mo de pasi hapana.

fundi_Kadutu
Yaya asante, hapo umesema kitu kikubwa kuliko yote niliandika. Hiyo kufuli iliingia na Android 5.1, mwaka 2015, ni ya kuzuia wezi: mutu akiiba telefone akaifuta, bado itamuomba konti ya mwenyewe. Ni nzuri, shida ni hawa bauzishaji wa kututengenezea konti na kusahau. Mutu akinunua telefone, atengeneze konti mwenyewe, na namba yake, aandike mu karatasi, basi.

Mama, ukiipata adrese, mo de pasi ni rahisi, kama kijana aliweka namba yako ya simu. Google itatuma meseji ku sim yako, ile yenye sasa iko mu kasimu ka tochi, utaweka mo de pasi mupya. Kama adrese huijui kabisa, Google iko na mahali pa kutafuta kwa namba ya simu na majina yenye yaliandikwa ku konti. Lakini lazima majina yawe yale yale.

mama_sambaza_Goma
Nimejaribu kwa ordinatere ya mutoto wa jirani, nikaweka majina yangu yote, ya batizo, ya baba, ya bwana, inasema hakuna.

yaya_Kamalondo
Mama, ulishatuma kitu kwa mail siku moja? Ao ulituma karatasi mu sibere (nyumba ya intaneti) bakupigie imprime? Pale adrese yako inabakia ku kompyuta yao.

mama_sambaza_Goma
Yaya!!! Weee! Mwezi wa pili nilituma bultini (karatasi ya pointi za masomo) ya mutoto pa fotokopi karibu na rond-point Chukudu, bakaiimprime. Kesho asubui nikitoka Kituku ninapita pale.

mama_sambaza_Goma
(siku mbili baadaye)
Niko hapa tena, munisamehe kwa kukawia, jana kulikuwa hakuna umeme na telefone ya jirani ilizimika.

Nilienda pa fotokopi. Yule dada akanitazama vile mutu anatazama kichaa, akasema mama tunapata ma-mail mia kwa siku. Nikamwambia tafuta bultini, mwezi wa pili, mutoto wa la kwanza ya sekondari. Akatafuta, akaishika. Na munajua majina ku konti yangu ilikuwa nini? "Mama Mukliya". Yule kijana wa butike aliniandika Mama Mukliya! Ndiyo maana majina yangu yote yalikataliwa. Tulicheka mpaka machozi, hata mwenye kungoja fotokopi nyuma yangu akacheka.

Na adrese tukaingia ku Google pale pale, meseji ikafika ku kasimu ka tochi, nikaweka mo de pasi mupya, nimeiandika mu Biblia, siwaambii ukurasa gani.

fundi_Kadutu
Mama Mukliya 😂😂 tangu leo njo jina lako.

Sasa sikiliza vizuri. Usifomate leo. Umebadilisha mo de pasi, ngoja saa 24 zipite, ju Google ikiona mo de pasi mupya na telefone imefutwa kwa wakati moja inaweza kukataa. Kwa kungoja, ingia ku ordinatere kwa konti hiyo, angalia kontakti na picha za Google, uone nini iliokoka.

Kesho: batri ipite nusu, izime. Bonyeza puse (kitufe) ya kuwasha pamoja na ya kuongeza sauti. Ukiona roboti amelala na alama nyekundu usiogope, shika puse ya kuwasha, gusa mara moja ya kuongeza sauti, menyu itakuja. Unashuka na puse za sauti mpaka mustari wenye kuandikwa wipe data (futa vyote), unakubali na puse ya kuwasha. Kisha reboot (kuiwasha upya). Ikiuliza konti, Mama Mukliya anaingia. WhatsApp utaifungua na namba yako, itakutumia kode ya namba 6. Ikikuuliza kurudisha meseji, usipite hapo, ukipita ni ngumu kurudi nyuma.

mama_sambaza_Goma
Imewaka! Imeniuliza konti, nikaingiza, ikakubali, nilipiga kigelegele watoto bakatoka nje.

Kontakti zote zimerudi, hata ya mutu moja nilimufuta kwa hasira. WhatsApp, magroupe yamerudi lakini meseji hapana, sikuwekaka ile ya kuhifadhi. Picha: zilikuwa zinapanda ku Google wakati kuko Wi-Fi tu, na miye Wi-Fi naionaka pa kaka yangu kule Himbi peke yake, kwa hiyo ziko mpaka Noeli. Za kisha Noeli, kurasa sita za madeni, zimekwenda.

Nimeenda kwa bakliya moja moja. Mama wa beignet alisema deni yake mwenyewe kabla sijauliza, na elfu mbili juu nilikuwa nimesahau. Mwenye resto alikumbuka nusu. Yule wa vitenge anasema hanijui.

yaya_Kamalondo
Huyo wa vitenge mutumie ile picha ya kabla ya Noeli, lazima alikuwa na deni hata wakati ule.

mama_sambaza_Goma
Yaya, nimeangalia. Iko. Beseni mbili, na alitia kidole chake pale chini na wino. Kesho saa 2 niko mbele ya butike yake.