Jumapili ya kutulia: tupeane ngoma laini, soul na indie, na zilikukuta wapi

Kota_za_Reli
Wakuu, heri ya Jumapili. Jirani kafungulia singeli tangu saa moja asubuhi, sabufa kaielekeza dirishani kwangu. Sina ugomvi na singeli, ila siku ya leo nguo ziko kambani, maharage yako jikoni, mwili unataka kitu cha taratibu. Nimejinyima vocha nikanunua bando, nimeweka Michael Kiwanuka, albamu ya Love & Hate ya 2016. Ule wimbo wa kwanza, Cold Little Heart, unakaribia dakika kumi. Hadi aanze kuimba maneno yenyewe umeshamaliza vyombo vya jana.
Shusheni za kwenu. Ila usitaje wimbo ukakimbia, sema na ulikukutia wapi.

Mwana_Nakasero
Kiwanuka ni damu yetu huyo. Wazazi wake walitoka Uganda enzi za Amin, yeye kazaliwa London 1987. Albamu iliyompa tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 2020 kaipa jina la ukoo tu, Kiwanuka, basi. Nilimsikia mara ya kwanza kwenye teksi Entebbe, dereva akaniambia "huyu ni kijana wetu" kama vile alimlea yeye.

Tausi wa Chumbageni
Naunga mkono hoja.

Nyar_Ahero
Nyinyi mnaenda London na soul iko hapa nyumbani. Ayub Ogada, Kothbiro, albamu ya En Mana Kuoyo ya 1993. Nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, na sauti. Wengi waliijulia kwenye ile filamu ya The Constant Gardener. Mimi nilikuwa kwenye basi la usiku kwenda Kisumu, abiria wanapiga kelele, kuna mwingine anauza dawa ya minyoo tangu Nakuru. Dereva akaiweka. Hata yule wa minyoo alikaa chini. Ogada alituacha 2019, na hadi leo nikiisikia nanusa mvua ya Ahero.

Mlokole_Asilia
Jumapili ni siku ya Bwana. Watu wazima mnakaa kutwa na nyimbo za mapenzi, halafu mnauliza kwa nini ndoa zinawashinda.

DJ_Kibatari
Mtumishi, punguza munkari. Al Green unamjua? Ana kanisa lake Memphis tangu 1976, yeye ndiye mchungaji. Aretha Franklin ni mtoto wa mchungaji, na Amazing Grace ya 1972 alirekodi kanisani Los Angeles, kwaya nyuma yake, waumini wanaitikia. Sam Cooke katokea kundi la injili, Soul Stirrers. Hii soul unayoikemea imetoka madhabahuni, kilichobadilika ni anayeimbiwa.

Mlokole_Asilia
Ndiyo maana nasema walirudi nyuma.

DJ_Kibatari
Al Green je? Maana huyo kaenda kinyume.

Mlokole_Asilia
Huyo simsemi.

Baba_Karini
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila mmenigusa, ngoja niandike.
Mwaka 2014 nilipanga chumba na sebule Mbagala, nyumba ya wapangaji wengi, choo uani, bomba moja. Mama Karini aliondoka mwisho wa mwezi, mimi nikiwa kazini. Alibeba mtoto, godoro, jiko la gesi na pazia. Pazia, wakuu. Narudi jioni, kitanda kimebaki chaga. Nikafungua maboksi ya kiwandani nikatandika. Asubuhi ya Jumapili jua likanikuta hapo hapo, limeingia moja kwa moja, sina hata pa kujifichia uso. Majirani niliwaambia kaenda Moshi kumuuguza mama yake.
Kilichobaki ndani ni redio, na fleshi niliyopewa na kijana mmoja wa stoo. Mule ndani nikakuta Bill Withers, Ain't No Sunshine. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini ule wimbo sikuhitaji mkalimani. Kila Jumapili nikawa nauweka, ukiisha naurudisha. Sasa mnapajua pale katikati anapong'ang'ania maneno mawili yale yale, "I know", hapumui, hasongi mbele. Siku moja mama mwenye nyumba akagonga mlango. "Baba Karini, redio yako imekwama. Chomoa hiyo fleshi uipulize."
Nikamwambia mama, haijakwama, ndivyo anavyoimba.
Akasimama pale mlangoni, upawa mkononi, bado una mchuzi. Akausikiliza wote. Akatazama dirisha. Akatazama chaga na maboksi. Halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu anayeimba kafiwa au kaachwa?"
Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, mbele ya mama wa watu, kamasi na kila kitu. Jioni akaniletea wali maharage kwenye hotipoti, na kanga ya kutundika dirishani. Kesho yake nyumba nzima inajua. Muuza chipsi wa chumba cha mwisho akanibatiza jina, akawa ananiita Moshi. "Moshi, mgonjwa anaendeleaje?"

Kijana_wa_Tandale
Hii ni chai. Pazia haliwezekani.

Tausi wa Chumbageni
Kwa nini lisiwezekane? Pazia la nani? Nitajie mwanaume mmoja aliyewahi kuingia dukani kununua pazia. Hela ya mchezo ile, kaungaunga hadi kalipata. Aliache limpendezeshe nani?

Kataa_Ndoa_Makao_Makuu
Tumekaa paleee, tunachukua somo.

Nyar_Ahero
Mimi sijali pazia, mimi nataka huyo mama mwenye nyumba. Yuko hai? Anapangisha?

DJ_Kibatari
Baba Karini, pole sana kaka. Ila mama hakukosea sana, pale pana historia. Withers anarudia mara 26. Alikusudia kuja kuandika maneno mengine pale, wanamuziki wenzake studio wakamwambia usiguse, acha hivyo. Akawasikiliza. Na hapo bado alikuwa kibarua cha kiwandani, anaunda vyoo vya ndege, umri umeshapita thelathini. Albamu ni Just As I Am ya 1971, mtayarishaji Booker T. Jones. Mwaka 1974 akaja hadi Kinshasa, lile tamasha lililoambatana na pambano la Ali na Foreman. Kafariki 2020.

Kijana_wa_Tandale
Fundi vyoo ndiye kamliza Baba Karini hivi?

Muscat_Ruwi
Jamani huku Oman Jumapili ni siku ya kazi, wiki ndiyo inaanza. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Nasoma uzi huu niko kwenye foleni, bosi kakaa nyuma. Mimi Ijumaa baada ya sala na biriani ni Sade. Lovers Rock ya 2000, hasa By Your Side. Naulaza mgongo, AC iko 22, nyumbani Pemba wanadhani nateseka.

Tausi wa Chumbageni
Sade kwa aliyeachwa ni sumu. Baba Karini usiguse.

Muscat_Ruwi
Sumu wapi? Sade ndiyo dawa. Unalia Ijumaa moja, inayofuata unakula.

Mzee_wa_Kahawa
Soul, indie, mnahangaika nini vijana. Les Wanyika, Sina Makosa. Lile gitaa la besi peke yake linatosha kumaliza Jumapili.

Mwana_Nakasero
Mzee, Sina Makosa ukiiweka watu wanasimama. Tumeambiwa kutulia.

Mzee_wa_Kahawa
Anayesimama ni mwenye nguvu. Mimi nina magoti.

Indie_Makongo
Kuna mtu atagusa indie, hizi za bendi zinazojitegemea, au mmeisahau? Kings of Convenience, Wanorwe wawili kutoka Bergen, albamu Quiet Is the New Loud ya 2001. Magitaa mawili, wanaimba kana kwamba kuna mtoto kalala chumba cha pili. Nilikuwa hosteli, tupo wanne chumba kimoja, mmoja ana mtihani wa marudio. Ndiyo muziki pekee tuliokubaliana wote. Hata yule wa mtihani. Alifeli ila hilo si la Wanorwe.
Ukitoka hapo nenda Texas Sun ya 2020, Khruangbin na Leon Bridges. Nyimbo nne tu. Ni ya saa kumi jioni, kabla ya hapo haikolei.

Kijana_wa_Tandale
Hao wa kunong'ona siwaelewi. Unalipa bando ili mtu akunong'oneze?

Indie_Makongo
Tumia hedifoni utaelewa.

DJ_Kibatari
Usitumie hedifoni. Soul inataka hewa. Weka redio chumba kingine, wewe kaa kibarazani, iwe inakufuata.

Inabu_ya_Bujumbura
Amahoro. Mimi nashangaa hadi hapa hakuna aliyemtaja Khadja Nin. Wa Burundi, na kaimba Kiswahili. Sina Mali, Sina Deni, iko kwenye Sambolera ya 1996. Wengi hawajui kwamba huo ni Free wa Stevie Wonder, wa 1987, kaufanya wa kwetu kabisa hadi ukirudi kwa Stevie unaona kama yeye ndiye kauazima. Mama alikuwa na kaseti. Miaka ile saa za kutotoka nje zikifika, milango imefungwa, taa moja, anaiweka chini chini. Sisi watoto tunajua ikiisha upande wa kwanza ni kulala. Sijawahi kusikia upande wa pili hadi nimekuwa mkubwa.

Tausi wa Chumbageni
Dada, hapo pa upande wa pili umeniweza.

Bukavu_Kadutu
Ongezeni Lokua Kanza, mtoto wa Bukavu. Albamu yake ya 1993 yenye jina lake mwenyewe. Sauti na gitaa, sauti zingine zinajibu kwa mbali. Huku tunaweka asubuhi mbele ya misa, na mapadri hawana shida, si kama mtumishi wa pale juu.

Mlokole_Asilia
Nimeisikiliza hiyo Amazing Grace ya Aretha. Dakika zaidi ya kumi. Sina la kusema kwa leo.

DJ_Kibatari
😂😂 Amina.

Kataa_Ndoa_Makao_Makuu
Turudi kwenye mambo ya msingi. Baba Karini, alirudi?

Baba_Karini
Hakurudi, na tunaongea vizuri tu sasa. Karini anakuja likizo. Akinikuta na Bill Withers anasema, "Baba zima hicho kilio, weka Zuchu." Na naweka. Pazia nilinunua mwenyewe, Tausi, Kariakoo, kwa hiyo mwanaume mmoja unaye.

Tausi wa Chumbageni
Rangi gani?

Baba_Karini
Ugoro.

Tausi wa Chumbageni
Nilijua tu. Mungu atusaidie.

Nyar_Ahero
Hujajibu kuhusu mama mwenye nyumba.

Kota_za_Reli
Mnafanya uzi uwe wa mapazia na vyumba. Inabu, hiyo Sambolera unayo nzima? Niliyopakua mimi inakatika wimbo wa nne, na bando limebaki la kutumia ujumbe tu.