Alama ziko 10, fanksheni inaona 2 tu. Nakosea wapi?

Mgeni_wa_C: Wakuu, salaam. Niko mwaka wa kwanza, tumepewa asaimenti ya lugha ya C, kutafuta wastani wa alama za wanafunzi 10. Ndani ya main, sizeof(alama)/sizeof(alama[0]), yaani ukubwa wa alama zote kugawa kwa ukubwa wa moja, inanipa 10 safi kabisa. Nikaihamishia kwenye fanksheni:

int jumla(int alama[10]) {
    int n = sizeof(alama)/sizeof(alama[0]);

n inatoka 2! Na 10 nimeiandika mwenyewe kwenye mabano. Kompyuta mbovu au mimi? Nakusanya kesho asubuhi.

FundiNyaya: Kompyuta nzima, mkuu. Hiyo 10 kompaila (programu inayotafsiri kodi yako) haina habari nayo. Kwenye parameta (kile fanksheni inachopokea), int alama[10] na int *alama ni kitu kilekile. Arei (safu nzima ya alama) haiingii ndani, inayoingia ni anwani ya alama ya kwanza. Kwenye mashine ya biti 64 pointa (inayobeba hiyo anwani) ni baiti 8, int kwa kawaida baiti 4. Gawanya, hiyo ndiyo 2 yako. Ungekuwa na mashine ya biti 32 ungepata 1, sijui ungesemaje.

Bi_Mabano: Umempa mtu namba ya chumba cha kwanza halafu unamuuliza gesti ina vyumba vingapi. Atajuaje? Mwambie:

int jumla(const int *alama, int n)

Unaiita jumla(alama, 10). Hiyo const ni ya kukulinda usije ukabadilisha alama za watu kwa bahati mbaya.

Mgeni_wa_C: Imekubali, asante dada! Ila kama ni pointa, mbona alama[i] bado inafanya kazi?

FundiNyaya: Kwa sababu alama[i] maana yake ni *(alama + i). Ukijumlisha 1 kwenye pointa ya int, inaruka int nzima, si baiti moja. Angalizo: ukiipa n ya 12 wakati alama ni 10, C haikuzuii. Utasoma takataka za jirani na wastani utatoka wa ajabu.

Kobe_Mzee: Mimi nauliza tu. Kompaila yako, gcc, haikukupa onyo lolote kuhusu sizeof?

Mgeni_wa_C: Lilikuwepo mzee wangu, mistari kama mitatu hivi. Nikaona programu imewaka, nikapita.

Kobe_Mzee: 😂😂 Haya, kakusanye.