Narnia: mtoto aanze na kitabu kipi?

Swali: Wadau, mtoto ana miaka 10, Kiingereza anasoma vizuri. Seti ya siku hizi ya Narnia (hadithi saba za watoto za C. S. Lewis) imeandikwa namba 1 kwenye The Magician's Nephew. Aanze hapo?

Jibu: Hapana, ndugu. Namba hizo zinafuata mpangilio wa matukio. Hicho kilitoka 1955, cha sita kati ya saba. Aanze na The Lion, the Witch and the Wardrobe cha 1950. Msichana Lucy anapenya kabatini, anakuta theluji na nguzo ya taa msituni, na msomaji anashangaa pamoja naye. Akianza na kile cha 1955, siri ya taa atakuwa ameshaijua.

Jibu: Naunga mkono. Hicho cha 1950 kina sura 17, sura moja kwa usiku inatosha. Mbili za kwanza msomee kwa sauti. Turkish Delight anayolishwa Edmund, kaka yake Lucy, huwachanganya watoto: mwambie ni ya wanga na sukari, jamaa ya haluwa.

Jibu: Akitaka na Kiswahili, mpe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ndugu wanageuzwa manyani! Ni kifupi ila lugha nzito. Kamusi iwe karibu.