Nafasi 3 kwenye kikundi cha utafiti wa akili unde chuoni: niombe ipi?

MwanaTakwimu:

Wanajamvi, salamu kwenu. Nina shahada ya kwanza ya takwimu na miaka 2 ya kazi, muda mwingi nikisafisha data na kuandaa ripoti. Wiki iliyopita kikundi cha utafiti wa akili unde cha chuo kikuu kimoja kimetangaza nafasi 3 kwa mpigo: mwanafunzi wa uzamivu mwenye ufadhili, mhandisi wa utafiti kwa mkataba wa miaka 2, na msaidizi wa utafiti kwa miezi 12. Huyo wa mwisho atasimamia ukusanyaji wa data za sauti pamoja na watu wanaoziwekea lebo, yaani wanaosikiliza na kuandika kinachosemwa.

Tangazo nimelisoma hadi nimelikariri. Wanataka mtu anayeijua PyTorch, maktaba ya Python ya kujenga na kufunza modeli za akili unde, na mwenye makala zilizochapishwa atafikiriwa kwanza. Mimi sina hata moja. Python naiandika kila siku, modeli ndogo kwa scikit-learn, maktaba nyingine ya Python, nimejenga kadhaa kazini, ila mitandao ya neva nimeisoma kuliko nilivyoigusa. Uzamili pia sina.

Je, niombe zote 3? Nafasi ya data itanifikisha kwenye utafiti wenyewe, au nitabaki hukohuko kwenye lebo? Na kuna ubaya nikimwandikia profesa kabla ya kutuma maombi? Zimebaki siku 19, na jambo hili nalitaka kwa moyo wote.

MwakaWaTatu:

Mkuu, mimi nasoma uzamivu, mwaka wa 3. Usiombe zote. Maombi yanasomwa na watu walewale wachache, na wakikukuta kwenye mafaili yote matatu wanaanza kujiuliza unachotaka ni kipi hasa.

Ya uzamivu ichunguze kwanza. Kuna vyuo vinavyompokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, na kuna visivyompokea bila uzamili. Kanuni hiyo ni ya chuo, profesa hawezi kukuvusha hata akikupenda vipi. Halafu ulizia ruzuku inayolipa nafasi hiyo inakwisha lini. Masomo yangu yalipangiwa miaka 4, ruzuku ni ya miaka 3, na sasa hivi usiku silali nikitafuta pesa za mwaka uliobaki.

MtunzaSeva:

Mdogo wangu MwanaTakwimu, mimi ni mhandisi wa utafiti, mwaka wa 6 sasa, kwenye kikundi cha watu 14. Kwenye jopo la usaili nimekaa mara 4.

Nianze na kazi yenyewe, maana matangazo hayaielezi. Asubuhi naanza na foleni. Kadi za GPU, zile zinazofanya hesabu za kufunza modeli, ni chache, watafiti ni wengi, kila mmoja anatuma kazi yake kwenye Slurm, programu inayopanga foleni, na kusubiri zamu. Modeli ya mtu imekufa saa 8 usiku kwa kuwa kumbukumbu ya kadi imejaa, naye hakuwa akihifadhi hali ya modeli njiani, basi siku 3 zimekwenda. Mwingine anarudia jaribio lake la mwaka jana, lakini maktaba ya programu imebadilika toleo na namba hazirudi zilivyokuwa. Mambo hayo ndiyo yanayojaza siku yangu, na yanahitaji subira ya kusoma msimbo wa mwenzako bila kumdharau. Kwenye usaili tunampa mwombaji msimbo wenye kosa na saa 1, kisha tunamwomba atueleze anachokiwaza kadiri anavyolitafuta. Kuna walioshindwa kulipata wakaajiriwa, kwa jinsi walivyolitafuta.

Nami sikuwa na makala nilipoingia. Nilikuwa na jedwali la kulinganisha matokeo yao na yangu. Nilichukua makala moja ya kikundi hiki, nikapakua msimbo na data walizoziweka wazi, nikajaribu kufikia matokeo yao. Yangu yakawa chini kwa pointi 3. Nikabadilisha mbegu za nasibu, yaani namba zinazoamua bahati ya mafunzo inavyoanza, nikafunza tena, bado pengo ni lilelile. Wiki ya pili ndipo nikaona: mamia ya sentensi za mafunzo zilikuwa zimejirudia kwenye data za majaribio. Mimi nilikuwa nimefuta nakala wakati wa kusafisha, wao hawakufuta. Modeli yao ilikuwa inafanya mtihani ambao majibu yake ilishayaona. Nikaandika kurasa 2, nikaweka msimbo wangu hadharani, nikamtumia mwandishi wa kwanza nikimwomba anionyeshe nilipokosea. Alijibu siku ileile. Nafasi ilipofunguka miezi 2 baadaye, wao ndio walionitafuta.

Kosa kama hilo, kwa kazi uliyoifanya miaka 2, wewe ungeliona kabla yangu.

Na takwimu zako usizifiche nyuma ya PyTorch. Fani hii imejaa makala ambamo modeli moja inasemwa imeishinda nyingine kwa nusu pointi, na kila moja imefunzwa mara 1 tu. Anayeweza kuuliza "mkizifunza mara 5 kwa mbegu tofauti, nusu pointi hiyo inabaki?" na akaukokotoa mwenyewe upana wa mashaka, huyo tunamhitaji sana. PyTorch ukikaa nayo kwa bidii wiki 3 itakuzoea. Jicho la takwimu halipatikani kwa wiki 3.

Sasa hiyo nafasi ya data. Kila mtu anausimulia mwaka 2012, Krizhevsky, Sutskever na Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliposhinda shindano la kutambua picha kwa makosa ya asilimia 15.3, wa pili akiwa na 26.2. Walitumia kadi 2 tu, za aina wanayonunua wacheza gemu, na mafunzo yakachukua siku 5 hadi 6. Lakini shindano lenyewe lilisimama juu ya ImageNet, seti ya picha iliyotangazwa mwaka 2009 na kikundi cha Fei-Fei Li, na lebo zake zilitoka kwa watu waliolipwa kupitia Amazon Mechanical Turk kutazama picha moja baada ya nyingine. Bila kazi ile, wale watatu wasingekuwa na cha kushindania.

Kwenye sauti utakutana na hayohayo. Watu 2 wanasikiliza sekunde 4 zilezile, kila mmoja anaandika neno lake. Ni uzembe? Ni mwongozo wako haueleweki? Au rekodi yenyewe kweli haisikiki? Utapima makubaliano yao kwa kappa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu, kisha utakaa nao na kusikiliza upya, na hapo utajua kuhusu data hiyo mambo ambayo hata profesa hayajui. Ningekuwa wewe ningeomba hiyo.

Profesa mwandikie, lakini usimwandikie kwamba umevutiwa na kazi zake. Barua za hivyo anazipata kila siku. Mtumie jedwali kama lile langu.

LeboZaJana:

Dada MtunzaSeva kasema kweli, ila nina la kuongeza, na bado linaniuma. Nafasi kama hiyo niliifanya miezi 14, kwenye kikundi kingine. Niliandika mwongozo wa lebo wa kurasa 31, nikafundisha wasikilizaji 9, rekodi zaidi ya 6,000 nilizipitia kwa masikio yangu mwenyewe. Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Nilipouliza nikaambiwa waandishi ni wale waliotoa mchango wa kisayansi.

Sikuwa nimeuliza mwanzoni, na hapakuwa na maandishi popote. Ndugu, uliza kabla hujasaini, na jibu liwe la barua pepe, si la mdomo.

MtunzaSeva:

Pole sana, LeboZaJana. Mwongozo wa kurasa 31 ni sayansi, na waliokuambia vinginevyo walikudhulumu. Kwenye kikundi chetu tulishaandika kanuni: aliyebuni mwongozo na kusimamia lebo ni mwandishi wa makala ya data hiyo.

MwanaTakwimu, lishike hilo alilokuambia. Kwenye usaili wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza jina lako litakaa wapi, uliza kama utapewa akaunti ya kutumia GPU au utabaki kwenye majedwali, na uliza wasaidizi waliotangulia wako wapi leo. La mwisho usiliache. Ukiambiwa mmoja anasoma uzamivu hapohapo na mwingine ni mhandisi, umejibiwa swali lako la kubaki kwenye lebo. Wakianza kutazamana, umejibiwa pia.

MwanaTakwimu:

Nashukuru sana, nyote. Naomba ya data, hiyo peke yake. LeboZaJana, nimekunakili neno kwa neno kwenye daftari langu la usaili.

Kikwazo ni kompyuta. Yangu haina GPU. Jedwali nitalipataje?

MtunzaSeva:

Usifunze chochote. Tafuta makala yao ambayo modeli iliyokwisha kufunzwa wameiweka hadharani, uipime tu kwa data zao za majaribio. Kupima ni kazi nyepesi kuliko kufunza. Google Colab inakupa GPU bila malipo kwa muda, ila inaweza kukukatia katikati, kwa hiyo hifadhi matokeo kila baada ya rekodi 100. Anza na rekodi 50 uhakikishe kila kitu kinakwenda.

MwanaTakwimu:

Siku ya 6. Nimepima rekodi zote. Makosa ya maneno kwangu ni asilimia 22.8, kwenye makala yao ni 19.6. Nakala zilizojirudia nimezitafuta, sikuona hata moja. Nimerudia mara 2, namba haisogei.

MtunzaSeva:

Angalia alama za uakifishaji na herufi kubwa. "Ndiyo," yenye mkato na "ndiyo" isiyo nao, programu ya kupima inazihesabu kuwa maneno 2 tofauti. Huenda wao walizifuta pande zote mbili kabla ya kupima na hawakuandika.

MwanaTakwimu:

Nimefuta alama. 20.1. Sasa naanza na tarakimu: modeli inaandika "12", manukuu yao yanasema "kumi na mbili".