Bahasha ya kila A: mwalimu gani anastahili kuipokea?

Wakuu, habari zenu. Nimetoka kwenye kikao cha wazazi, shule ya kata ya kwetu. Ajenda iliyokula saa nzima ni moja: tuchange, kisha kila A ya kidato cha nne mwalimu wa somo apewe bahasha. Watu wakapiga makofi. Nilipopinga nikaitwa mchoyo, basi nauleta mjadala kwenu.

Sijasema walimu wasithaminiwe. Nasema A ya fizikia haizaliwi kidato cha nne. Mimi kusoma nilifundishwa na mama mmoja wa darasa la kwanza, tukiwa zaidi ya mia chumba kimoja, wengi sakafuni, tunahesabu kwa vizibo vya soda. Wale ambao "ba be bi bo bu" iliwagomea, alibaki nao jioni chini ya mwembe. Hakumtoza mtu hata senti. Miaka ikapita, nikapata A ya Historia, na aliyepigwa picha nami ni mwalimu wa Historia (alistahili, simnyimi). Yule mama alikuwa darasa lilelile, na kundi jingine lisilojua kushika penseli. Bahasha hii ingemfikiaje?

Halafu ukilipa kwa A, mwalimu atawakazania wale kumi wa mbele. Huyu wa D anayehitaji kusukumwa afike C ni wa nani? Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza kumi bora kwenye matokeo ya kidato cha nne. Sisi kata tunairudisha ligi kwa mlango wa nyuma.

Chaki Vumbi: Mimi ni mwalimu, mwaka wa 14 kazini. Mwembe ni mzuri mkuu, ila haulipi kodi ya nyumba. Kila Oktoba 5, Siku ya Walimu, tunapewa ngonjera na fulana. Madai ya likizo na uhamisho yanabaki kwenye faili. Hesabu za kidato cha nne nafundisha peke yangu mikondo minne. Mkiniletea elfu ishirini kwa A nitaipokea, na sitaona haya. Anayeipinga aje na nyumba ya mwalimu mkononi.

Mzazi Msumbufu: Ada ya sekondari za serikali imefutwa tangu 2016, michango ndiyo haiishi. Na huo wa "hiari" tunaujua: mtoto ambaye kwao hawajatoa anajulikana darasa zima.

Mpenda Takwimu: Mleta mada, motisha ilishajaribiwa hapahapa Tanzania, na ilianzia huko huko chini unakokulilia. Mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, 2013 na 2014, shule za msingi 350 katika wilaya 10. Walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu walilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Shule zilizopewa ruzuku peke yake, watoto hawakupanda. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha ya mwalimu, walipanda. Kwa hiyo tatizo si bahasha, ni mahali mnapoipeleka.

Mleta mada: Hapo umenishika, hilo sikulijua. Chaki, elfu ishirini yako siigusi, na la nyumba umesema kweli. Mzazi Msumbufu, majina ya waliotoa nitaomba yasisomwe mbele ya mtu. Kikao kijacho napendekeza nusu ya fungu ivuke barabara iende shule ya msingi, darasa la kwanza na la pili, ilipwe kwa kila mtoto atakayejua kusoma.

Chaki Vumbi: Sawa. Na atakayewapima hao watoto ni nani? Usiniambie ni mwalimu wao mwenyewe.